Daraja Ambalo Nemesio Hakulivuka Tena

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wa Ybaroty, wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha sukari, na nyinyi mliosafiri tangu jana mkafika na vumbi la njiani, familia ya Ovelar imemteua dada wa marehemu, Porfiria Ovelar, mwalimu mkuu mstaafu, awasomee historia ya mdogo wake, na ingawa aliyeteuliwa amesoma mbele za watu kwa miaka thelathini na minane, anaomba mumvumilie iwapo leo sauti itamkatika, na anaomba zaidi msiondoke kabla hajafika mwisho, maana historia hii imeandikwa mara mbili, ya kwanza Alhamisi usiku na ya pili leo asubuhi, na ile ya kwanza imechanwa.

Marehemu Nemesio Ovelar Cañete alizaliwa tarehe 19 Desemba 1953, katika kitongoji cha Potrero Yvaté, nje kidogo ya mji wetu huu wa Villarrica, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa mzee Crispín Ovelar na mama Saturnina Cañete, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo kama lilivyosomeka kwenye kalenda iliyotundikwa nyuma ya mlango, sawa na ndugu zake wote. Kati ya hao saba amebaki mmoja tu, ambaye ndiye huyu anayesoma, na ambaye hakuwahi kudhani kwamba siku moja angesimama kumsomea Nemesio, kwa sababu Nemesio ndiye aliyekuwa mwenye afya kuliko wote.

Alianza shule ya msingi mwezi Machi 1961, akipelekwa kila asubuhi na dada yake Porfiria, aliyemzidi miaka karibu minne, na walichelewa mara nyingi kuliko watoto wote wa kitongoji, kwa sababu marehemu akimwona mdudu njiani alikuwa lazima achuchumae. "Nemesio, kengele imeshalia," dada yake alikuwa akimwambia huku amemshika sikio, naye hujibu bila kuinua uso, "Subiri, Porfi, bado hajamaliza kuvuka." Viboko vya kuchelewa walikula wote wawili, na dada yake alikula vingi zaidi, na hilo alimkumbusha kila Krismasi kwa miaka sitini. Alimaliza sekondari hapa mjini tarehe 30 Novemba 1971, akalitumikia jeshi mwaka uliofuata kama ilivyokuwa lazima, akarudi amekonda lakini na akili zake timamu.

Tarehe 3 Juni 1974 aliajiriwa na kiwanda cha sukari akiwa mpima miwa kwenye mizani ya magari, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tisa na miezi tisa, mpaka alipostaafu tarehe 28 Februari 2014, na wenzake waliokaa pale mstari wa pili ni mashahidi kwamba hakuwahi kumwongezea mtu kilo wala kumpunguzia, hata pale shemeji wa meneja alipoleta lori lililojaa matope na mawe, marehemu akamwambia mbele ya foleni nzima, "Karai, bwana mkubwa, haya mawe nitakupimia kesho, leo tunapima miwa." Alipenda namba zilizo sawasawa. Alichoandika alikiandika na tarehe, na tabia hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa tulipo leo asubuhi, kama mtakavyosikia.

Tarehe 25 Aprili 1981 alifunga ndoa na Zunilda Giménez katika kanisa kuu la hapa mjini, na kwa kuwa historia ya mtu haisomwi nusu, lazima isemwe kwamba dada yake hakuifurahia ndoa ile, kwa sababu Zunilda wakati huo alikuwa akiuza chipa, vile vimkate vya jibini, stendi ya mabasi, na mwalimu Porfiria alijiona mtu wa vitabu, akamwambia mdogo wake kwamba angeweza kupata bora. Marehemu alimjibu, "Porfi, chipa zake wewe unakula sita kila Jumapili." Mabishano yakaishia hapo, lakini ule ubaridi ulibaki, na wifi wawili wameishi miaka arobaini na minne wakiitana kwa adabu na kukaa pembe mbili za meza.

Katika ndoa hiyo walijaliwa mtoto mmoja, Mirna Raquel, aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 1983, ambaye tangu mwaka 2007 anaishi Madrid akiwahudumia wazee wa watu wengine, na ambaye amewapatia wazazi wake wajukuu wawili. Mirna ndiye aliyemtumia baba yake kamera siku alipostaafu, pamoja na kadi iliyosema, "Baba, usije ukakaa tu ukiwatazama kuku." Basi Jumapili ya tarehe 2 Machi 2014, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, marehemu aliingia katika bustani ya Ykua Porã, ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwake, akapiga picha ya kwanza, jani la mnazi mwitu lenye umande, na tangu siku hiyo mpaka siku ya kufa kwake hakuacha.

Alikuwa na masharti yake, na hakuna aliyeweza kuyavunja. Siku moja picha moja. Mtu asionekane ndani yake, kwa sababu, kama alivyosema, watu wanajipiga wenyewe vya kutosha. Ikishapigwa inapelekwa kwenye duka la fotokopi la Karai Taní, inachapwa, inaandikwa tarehe kwa mkono nyuma yake, halafu inabandikwa kwenye ubao aliouweka getini kwake, na ya jana inabanduliwa na kuwekwa kwenye boksi la viatu. Alikosa siku tatu tu, mwezi Julai 2016, mama yetu alipofariki, na kwa hesabu iliyofanywa na binti yake jana ameacha picha elfu nne mia moja themanini na moja.

Nyinyi majirani mnaujua ule ubao kuliko mnavyoijua misa. Kila saa nne, mtu na kikombe chake cha tereré, chai yetu ya maji baridi, mlisimama pale mkabishana, huyu akisema yule ndege ni kibuluu wa mtoni, yule akisema wewe ndege unawajua wa kwenye sahani tu, na marehemu akitabasamu bila kusema nani kapata. Aliwaonyesha kapibara, wale panya wakubwa wa majini, wakiogelea na watoto wao ng'ambo ya ziwa, baada ya daraja, mamba mdogo mliyesema ni gogo, chemchemi, visiwa vya nyasi, na kila Agosti ule mti mkubwa wa lapacho wa kilimani, mwisho kabisa wa bustani, umevaa maua ya waridi kutoka chini hadi juu bila jani hata moja. Wengi wenu mlisema mliijua bustani kupitia kwake, kwa sababu wenyewe hamkuwa mmeingia tangu utoto, na dada yake ni mmoja wa hao.

Halafu mwaka jana picha zikabadilika. Zikawa za vitu vidogo, chungu amebeba petali, gome la mti, tone la maji kwenye uzi wa buibui, na mtaa mzima ukasifu. Karai Taní alisema, "Sasa huyu amekuwa msanii, tumchaji zaidi." Mwalimu Porfiria, ambaye husifu kwa shida, alisimama mbele ya ule ubao akamwambia mdogo wake, "Umekomaa, Nemesio. Zamani ulipiga kila kitu, sasa umejifunza kutazama." Marehemu alimtazama kidogo, akasema, "Asante, Porfi," akaingia ndani. Siku hiyo kulikuwa na baridi, naye alikuwa amevaa ndala, na dada yake akamtania kwamba amekuwa mtalii. Hakujiuliza kwa nini viatu havimwingii.

Juzi Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi, marehemu alipiga picha yake akiwa ndani kidogo ya lango la bustani, akasema, "Tayari," akampa mkewe kamera, akaketi kwenye kile kiti cha kukunja ambacho mkewe alimbebea kila siku, na mkewe alipomimina chai ya mate na kumpa hakuipokea. Daktari wa zamu alifika kwa haraka, akakuta hakuna la kufanya, akasema ni moyo. Habari zilipomfikia dada yake alikuwa akimwagilia maua, na mpira wa maji uliendelea kumwaga uani mpaka jirani alipokuja kuufunga, kwa sababu mwenye nyumba alikaa chini palepale kwenye tope, akirudia kwamba haiwezekani, picha ya Jumatano si iko ubaoni.

Jioni ya siku hiyo, ndani ya ua huu, mbele ya nyinyi mnaosikiliza sasa, Porfiria Ovelar alimwendea mjane wa ndugu yake akamwambia maneno haya, ambayo yanarudiwa hapa kama yalivyosemwa, ili anayeyajua asiseme yamepunguzwa: "Umelala naye miaka arobaini na minne. Umemwona anakwisha. Hukusema neno. Umemnyamazia mpaka akafa." Watu waliinamisha vichwa. Wapo walioguna kukubali. Mpaka kesho yake asubuhi, dukani kwa Karai Taní na kwenye foleni ya mikate, ilishakuwa habari ya mji kwamba Bi Zunilda alimwacha mumewe afe kama mnyama. Yeye mwenyewe alijibu jambo moja tu, na waliokuwa karibu walilisikia, "Kaa kwanza, wifi, hujala kitu tangu asubuhi."

Usiku haukupita bila historia ya kwanza kuandikwa, na ndani yake, kwenye mahali pa ugonjwa, dada aliandika kwamba marehemu aliugua ghafla, siku moja, kwa uzembe wa waliokuwa naye.

Jana Ijumaa alasiri Mirna alifika kutoka Madrid, na baada ya kumlilia baba yake aliomba maboksi ya picha, akitaka kupamba ukuta ulio nyuma ya jeneza, akazipanga kwenye meza ndefu ya kulia, mwaka kwa mwaka na mwezi kwa mwezi, na shangazi yake akimsaidia kusoma tarehe. Mirna hakuwa amefika hapa kwa miaka sita, kwa hiyo bustani aliyo nayo kichwani ni ile ya zamani. Alitembea kando ya meza taratibu, akarudi, akatembea tena, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza chumvi ilipo, "Shangazi, kwa nini baba aliacha kuvuka daraja?"

Shangazi yake aliangalia ile meza, na kile ambacho mtaa mzima ulikitazama kila siku kwa miezi kumi na mitano kilikuwa pale, kimepangwa kwa mstari, kwa tarehe, kwa mwandiko wa marehemu mwenyewe.

Leo asubuhi, kulipopambazuka, Porfiria alizibeba baadhi ya picha hizo akaenda bustani peke yake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kwa sababu hakutaka kuamini, akasimama mahali ambapo kila moja ilipigwa, akahesabu hatua kutoka langoni, na sasa anawasomea ugonjwa wa marehemu kama unavyotakiwa kusomwa, kwa tarehe na mahali. Tarehe 21 Aprili 2024, chini ya mti wa kilimani, hatua elfu moja mia mbili na tisa. Tarehe 5 Mei 2024, ng'ambo ya daraja, kapibara na watoto wanne, hatua mia tano na thelathini, na baada ya tarehe hiyo hakuna picha hata moja iliyopigwa ng'ambo, kapibara wote waliofuata wana maji mbele yao. Tarehe 17 Oktoba 2024, benchi la pili, hatua mia moja na sitini. Tarehe 20 Januari 2025, benchi la kwanza, hatua sitini na moja, na pale alikaa mpaka Mei, siku zaidi ya mia, akipiga kila kilichotua, kilichoota na kilichodondoka karibu na benchi moja. Kuanzia Juni, ukuta wa lango, hatua ishirini na mbili. Hatukuwa tukimtazama msanii akikomaa. Tulikuwa tukimtazama mtu anayeishiwa pumzi, naye akitubandikia ushahidi getini kila siku, na sisi tukimpigia makofi.

Hayo yangetosha kumkata mtu maini, lakini bado kuna tarehe moja, na ndiyo iliyofanya historia ya kwanza ichanwe. Tarehe 9 Machi 2025, siku ya Jumapili, baada ya misa, Zunilda Giménez alikwenda nyumbani kwa wifi yake na kikapu cha chipa, hakuketi, akasema, "Wifi, Nemesio hapumui vizuri. Analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Mimi nikimtajia hospitali ananicheka, lakini wewe anakuogopa tangu utotoni. Mwambie wewe." Na Porfiria Ovelar, aliyepewa neno hilo mkononi, alimjibu, "Mtu mgonjwa ndiye apige picha kama ile ya jana? Uliiona ile ya utando wa buibui? Wewe, Zunilda, unapenda kutafuta kidonda kwenye ngozi nzima. Mwache mwanamume afurahie uzee wake." Akapokea kikapu. Akafunga mlango. Chipa akazila.

Kwa hiyo mjane alisema. Alisema miezi mitano kabla, kwa mtu aliyefaa kuambiwa, na mtu huyo akasahau kabisa kwamba ameambiwa, akasahau kiasi cha kusimama mbele yenu Alhamisi na kudai hakuna aliyesema. Mwenye kumbukumbu ya tarehe zote za ukoo huu tangu mwaka 1950, tarehe hiyo moja ilimponyoka, mpaka jana mezani alipoishika ile picha ya utando wa buibui, na anayesoma hana maelezo, ameyatafuta tangu jana na hajayapata.

Zunilda hakuishia hapo. Tarehe 3 Juni alimpeleka mumewe hospitali kwa ujanja, akimwambia wanakwenda kununua mbegu, na daktari akawaeleza kwamba moyo umechoka na wamechelewa, akatoa dawa, ambazo zilikaa ndani ya kopo la majani ya chai ya mate ili wageni wasizione. Marehemu alimwapisha mkewe asimwambie mtu mpaka Desemba, Mirna atakapokuja likizo, na hasa asimwambie dada yake, akasema, "Porfi akijua atanilaza kitandani na kunifunika mpaka shingoni kama mtoto wa darasa la kwanza, na picha zitaisha." Alimjua vizuri. Basi mkewe akanunua kiti cha kukunja, akawa anakibeba kila asubuhi, hatua ishirini na mbili kwenda na ishirini na mbili kurudi.

Jana, ile meza ikiwa bado imejaa picha, Porfiria alimuuliza kwa nini Alhamisi hakumjibu, kwa nini alikubali kuvuliwa nguo mbele za watu ilhali alikuwa na la kusema. Zunilda alikuwa akikunja vitambaa. Alisema, "Wewe ulikuwa umefiwa, wifi. Na mimi pia. Tungepiga kelele wote wawili, nani angempokea mtoto?"

Familia kwa hiyo inatamka mbele ya jeneza hili kwamba Zunilda Giménez hakumnyamazia mumewe, alimtunza, alimwombea msaada na akanyimwa, na aliyemnyima ni huyu anayesoma, na kila aliyelibeba neno la Alhamisi mpaka dukani, mpaka kwenye foleni na mpaka kanisani, anaombwa alirudishe kwa miguu ileile, akimtaja mwalimu Porfiria kwa jina. Katika siku tisa za sala zinazoanza leo jioni, kiti cha mbele kabisa kando ya madhabahu, ambacho kwa desturi hukaliwa na mkubwa wa ukoo, atakikalia Zunilda, na mkubwa wa ukoo atakuwa jikoni akioka chipa, ambazo hajui kuzioka, lakini atafundishwa akikubaliwa.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, wajukuu wawili na dada mmoja. Familia inawashukuru daktari aliyempokea tarehe 3 Juni na kusema kweli bila kuzunguka, daktari wa zamu wa Alhamisi aliyekimbia mpaka akapoteza kiatu, wafanyakazi wenzake wa mizani waliochimba kaburi kwa zamu, Karai Taní aliyechapa picha elfu nne na leo amekataa kulipwa kwa ile ya mwisho, mfagiaji wa bustani aliyefunga lango siku nzima ya Alhamisi bila kuambiwa, na nyinyi majirani mliosimama mbele ya ubao ule kwa miaka kumi na moja, kwa sababu mapenzi yenu kwake yalikuwa ya kweli, hata kama macho yetu sote hayakufanya kazi.

Picha ya Alhamisi imechapwa leo, na kabla hatujamwinua tumpeleke makaburini, Zunilda ataibandika getini badala ya ile ya Jumatano, nayo itabaki hapo. Ni maua matano ya lapacho yaliyodondoka juu ya sementi, yamepeperushwa na upepo kutoka kilimani, mwendo wote ule. Mkipita leo, msianze kubishana ni rangi gani. Tazameni aliposimama.

Nemesio, mdogo wangu, kengele imeshalia na safari hii dada yako ndiye aliyechelewa, pumzika kwa amani, umeshavuka.